Wakuu, kwa nini maputo yananywea ukumbini kwenye AC halafu yanapasuka yakitolewa juani?

#1 mpambaji_kigamboni
Wakuu habari. Mimi ni mpambaji wa kumbi: sendofu, vipaimara, birthday za watoto. Kuna jambo limeshanitia hasara, naomba wenye elimu mnisaidie.

Jumamosi nilipamba ukumbi mmoja hapa Dar. Maputo tuliyajaza mchana nje chini ya turubai, kwa pampu, na joto la mwezi wa pili mnalijua. Tukayaingiza ndani, tukafunga tao la mlangoni limebana vizuri kabisa. Jioni wakawasha AC zote. Kufika saa mbili usiku tao limelegea, maputo yameachana, waya unaonekana. Mwenye shughuli akasema nimejaza nusu nusu ili nibanie upepo, akakata hela yangu. Kesho yake asubuhi nayatoa nje kuyapakia kwenye kirikuu, jua likayapiga, yakaanza kupasuka moja moja hata sijayagusa.

Kama yalikuwa yamepungua upepo, mbona yanapasuka? Na kama yalikuwa yamejaa, mbona yalilegea? Kijana wangu anasema mpira wa siku hizi ni feki. Tiririkeni.

#2 kambi_popote
Ngoja waje wataalamu. Nimeshapiga kambi hapa.

#3 mzee_wa_kariakoo
Mpira feki tu huo. Zile pakiti za bei chee mpira wake mwepesi, hata bila AC linanywea. Nunua pakiti nzuri uone kama utarudi huku kulalamika.

#4 ticha_mikumi
Mleta mada, usimlaumu kijana wala pakiti kwanza. Gesi yoyote ikipoa presha ikibaki ile ile, ujazo wake unapungua. Ikipata joto unaongezeka. Hii tunaifundisha sekondari kwa jina la kanuni ya Charles. Jacques Charles alikuwa Mfaransa, na maputo yalikuwa kazi yake hasa: tarehe 27 Agosti 1783 alirusha puto la haidrojeni Paris, na Desemba mwaka ule ule akapanda mwenyewe. Majaribio yake ya joto na ujazo aliyafanya mwaka 1787 bila kuyachapisha. Aliyekuja kuyachapisha ni Gay-Lussac, mwaka 1802.

Hesabu yake ina mtego mmoja, hupigi kwa nyuzi za kawaida. Unaongeza 273 kwanza. Nje tuseme nyuzi 33, hiyo ni 306. Ndani AC nyuzi 18, hiyo ni 291. Gawanya 291 kwa 306 unapata 0.95. Kwa hiyo kila puto lilipoteza kama asilimia 5 ya ujazo wake bila hata chembe ya upepo kutoka.

#5 mzee_wa_kariakoo
Ticha, asilimia 5 ndiyo nini? Mleta mada kasema waya ulionekana. Kwa asilimia 5 mwenye shughuli asingeona kitu.

#6 ticha_mikumi
Na hapo uko sahihi kuliko unavyodhani, maana asilimia 5 ni ya ujazo. Upana unapungua chini ya asilimia 2. Puto la sentimeta 30 linabaki na 29 na nusu hivi. Kwa macho huoni. Nakubali inabidi kuwe na kitu kingine.

#7 seremala_kibaha
Mbona hamfikirii tao zima? Puto moja nusu sentimeta, lakini hayo yamepangwa yakigusana kwenye waya. Tao la urefu wa mita 6 likipungua kwa kiwango hicho hicho ni kama sentimeta 10 za waya zinabaki wazi. Waya haukunywea. Zikijikusanya sehemu moja pale juu, watu wote wanaona waya.

#8 mpambaji_kigamboni
Seremala, umenigusa. Pengo lilikuwa pale juu katikati, kama kiganja hivi! Pembeni hakukuwa na shida.

#9 Wanjiru_Nakuru
Hamjambo majirani. Mimi pia hupamba, huku kwetu Nakuru usiku ni baridi hata bila AC. Nisichokubali ni kwamba ni baridi peke yake. Baluni ya mpira huvuja, iwe na hewa au na heliamu. Ile ya heliamu ya inchi 11 ukiijaza asubuhi, kesho asubuhi iko sakafuni, na hakuna AC iliyowashwa. Mpira una vitundu vidogo sana na heliamu ni chembe ndogo sana, inajipenyeza. Ndio maana baluni ya foili hukaa siku nyingi.

#10 ticha_mikumi
Wanjiru ni kweli kwa heliamu. Lakini #1 alitumia pampu, hewa ya kawaida. Hewa inatoka polepole mno, puto linakaa siku kadhaa. Toka mchana hadi saa mbili usiku haiwezi kufikia asilimia 5. Halafu kumbuka asubuhi yalipasuka. Yangekuwa yamevuja yangepata nafasi ya kutanuka.

#11 Wanjiru_Nakuru
Hapo kwa kupasuka sina jibu, nangoja.

#12 polima_tanga
Habari zenu. Nimefanya kazi na mpira kwa muda, niseme kidogo kuhusu #1 sehemu ya pili, maana wote mnaangalia gesi na kuusahau mpira wenyewe.

Vitu vingi ukivipasha joto vinatanuka. Mpira uliovutwa unafanya kinyume: ukiupasha, unajivuta. Hili liliandikwa na John Gough tangu 1805, baadaye Joule akalipima vizuri. Mnaweza kujaribu nyumbani: chukua rababendi pana, ning'iniza kitu kizito kiasi kiivute, halafu ipulizie hewa ya moto ya drya ya nywele. Kile kitu kinapanda juu kidogo. Kinapanda kweli.

Sasa puto juani: gesi ndani inataka kutanuka, mpira nao unazidi kubana. Kitu kimoja kinasukuma nje, kingine kinavuta ndani, na ngozi imeshavutwa karibu na mwisho wake. Palipo na sehemu dhaifu, panaachia.

#13 mzee_wa_kariakoo
Sehemu dhaifu = mpira feki. Tumerudi kwangu.

#14 polima_tanga
Hahaha mzee, nusu pointi nakupa. Ukuta usiolingana unene ni kasoro ya kweli na pakiti za bei rahisi zina nyingi.

#15 dereva_wa_Kitonga
Mimi si msomi ila napinga kwamba joto ndilo linaloamua. Miaka naendesha basi Dar kwenda nyanda za juu. Abiria ananunua krispi Morogoro, pakiti imelegea unaibonyeza inaingia ndani. Tukishapanda Kitonga tukifika Iringa pakiti ile ile imevimba kama shavu la mtoto mwenye matumbwitumbwi, ukiigusa ni ngumu. Na Iringa ni baridi kuliko Morogoro! Kwa kanuni ya ticha ingenywea.

Mwaka juzi abiria alipakia maputo yamejazwa Dar, anapeleka harusini Mafinga. Tulikuwa kwenye kona za Kitonga yakaanza kupasuka nyuma kule. Abiria wakadhani tairi.

#16 ticha_mikumi
Dereva, heshima yako. Umeleta kitu ambacho kanuni ya Charles inakitaja kwa maneno "presha ikibaki ile ile". Ukipanda mlima presha ya nje haibaki ile ile. Pwani ni kama milibari 1013. Iringa ipo zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, presha ni kama 840. Kwa urefu peke yake puto linataka kuongezeka asilimia 20. Baridi ya kutoka nyuzi 32 hadi 20 inalipunguza asilimia 4. Ukijumlisha linabaki limeongezeka kama asilimia 16. Kitonga imeshinda baridi mara tano.

Mleta mada ukipata kazi ya mikoani, beba pampu, usibebe maputo yaliyojaa.

#17 kambi_popote
Ticha wewe ulikuwa wapi sisi tunasoma fizikia kwa kukariri.

#18 dagoretti_boy
Wasee, naongezea kwa #16. Nimekulia karibu na Dagoretti Corner, Nairobi, pale kwenye kituo cha hali ya hewa. Kuna baluni hurushwa pale likiwa na kisanduku cha kupima joto, unyevu na upepo. Vipimo hivi dunia nzima hulengwa saa tisa usiku na saa tisa mchana kwa saa zetu. Likiachiliwa lina upana wa kama mita moja na nusu hadi mbili, na limelegea kabisa, unaweza kudhani wamesahau kulijaza. Wanafanya makusudi. Likipanda kilomita 30 presha ya huko ni kama asilimia 1 ya hii ya chini, linavimba hadi kufikia ukubwa wa nyumba ndogo, halafu linapasuka. Na huko njiani baridi inapita nyuzi 50 chini ya sifuri. Ingekuwa ni baridi tu, lingeshuka likiwa kama soksi.

#19 seremala_kibaha
Kumbe yale yanayodondoka mashambani na kiparachuti watu wanakimbilia polisi ni hayo.

#20 dagoretti_boy
Ndiyo hayo. Mengine yaliyokuwa yakionekana Kenya mwaka 2020 yalikuwa ya Loon, ya kupeleka intaneti. Hayo ni tofauti kabisa. Plastiki yake haikuvutika, likishajaa ujazo unabaki ule ule mchana na usiku. Jua likilipiga presha ndani inapanda, usiku inashuka, lakini ukubwa haubadiliki, ndiyo maana liliweza kukaa angani kilomita 20 kwa miezi. Mradi ulianza kutoa huduma Kenya Julai 2020, na Januari 2021 wakatangaza kuufunga.

#21 polima_tanga
Mfano mzuri huo wa Loon. Foili ya sherehe iko katikati ya hayo mawili: inakunjuka hadi ikaze, ikishakaza haivutiki tena. Kwa hiyo foili iliyojazwa hadi ikakaza ndani ya ukumbi wa AC, usiitoe juani. Haina pa kwenda, itafunguka kwenye mshono. Acha mikunjo midogo pembeni.

#22 bi_mkubwa_Toronto
Salaam kutoka kwenye theluji. Sisi huku tatizo letu ni kinyume cha la mleta mada. Nilimnunulia mjukuu puto la foili la heliamu, dukani limekaza linang'aa. Nje nyuzi 15 chini ya sifuri. Kufika kwenye gari limekunjamana, limelegea, linaelea kwa uvivu. Mjukuu akalia. Kufika nyumbani kwenye hita, dakika chache limerudi vile vile. Muuzaji alikuwa ameshaniambia, "usilirudishe, halijatoboka."

#23 ticha_mikumi
Bi Mkubwa shikamoo. Hesabu yako, dukani tukisema nyuzi 21: 258 kwa 294, umepoteza asilimia 12. Ndiyo maana lilikunjamana. Lakini hilo la kuelea kwa uvivu linanipa shida. Puto likinywea kwa baridi, hewa ya nje nayo imekuwa nzito kwa kiwango hicho hicho. Kidogo lililobaki linasukuma hewa nzito zaidi. Nguvu ya kuliinua inatakiwa ibaki karibu ile ile.

#24 bi_mkubwa_Toronto
Marahaba mwanangu. Hesabu sina, macho ninayo. Lilishuka.

#25 seremala_kibaha
Labda upepo tu wa kwenye maegesho ulilisukuma.

#26 Wanjiru_Nakuru
Au heliamu ilikuwa imechanganywa na hewa. Wauzaji wengine hufanya hivyo kwa vile heliamu ni ghali. Baluni ya hivyo inaelea kwa shida toka mwanzo, kitu kidogo kinaiangusha.

#27 ticha_mikumi
Yote mawili yanawezekana. Nabaki na hesabu yangu, ila siwezi kumbishia aliyeona.

#28 mlinzi_wa_mitungi
Mada nzuri. Kwa kuwa heliamu imetajwa, Tanzania tunayo yetu. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba kuna heliamu chini ya ardhi bonde la Rukwa. Siku ikianza kuchimbwa vya kutosha labda akina Wanjiru watapumua.

Nililotaka kusema ni la usalama. Mtungi wa heliamu uliojaa una presha kama bari 150 hadi 200, wengine wanauacha ndani ya gari lililofungwa juani. Kule ndani ya chuma gesi haina nafasi ya kutanuka, joto lote linakwenda kwenye presha. Kutoka nyuzi 25 hadi 60, bari 200 zinakuwa kama 223. Mtungi uliopimwa vizuri unastahimili. Ule uliopigwa rangi mpya juu ya kutu siwezi kuuamini. Ufunge wima, kivulini.

Na mkiona mtu anauza "heliamu" anayoitengeneza mwenyewe kwa kuchanganya kemikali na vipande vya aluminiamu, kimbieni. Hiyo ni haidrojeni. Inainua vizuri kuliko heliamu lakini inashika moto. Hindenburg, ile meli ya angani ya Wajerumani, iliungua kwa hiyo mwaka 1937, watu 36 wakafa. Fikirieni mishumaa ya keki.

#29 kijana_wa_pampu
Mkuu #28, mbona mtungi ukijaza maputo mengi mfululizo unakuwa wa baridi mkononi? Nilidhani gesi inaingia kwenye puto ikiwa baridi halafu baadaye inapata joto inatanuka. Je, hiyo si ndiyo sababu maputo yanapasuka yenyewe baada ya kujazwa?

#30 mlinzi_wa_mitungi
Kupoa kwa mtungi ni kweli. Gesi inayobaki ndani inatanuka kujaza nafasi ya iliyotoka, inatumia joto lake, chuma kinapoa. Ukijaza kwa haraka, gesi inayofuata inatoka ikiwa ya baridi kweli. Usichanganye tu na mtungi wa hewa ya ukaa, ule unatoa hadi barafu mdomoni. Heliamu kwenye joto la kawaida ikipita kwenye vali haipoi kwa namna hiyo.

#31 kijana_wa_pampu
Kwa hiyo niko sahihi au sipo?

#32 polima_tanga
Uko sahihi kidogo. Acha puto lisifike mwisho wake, utakuwa salama vyovyote vile.

#33 rubani_msaidizi_Seronera
Nimesoma uzi wote, naona hakuna aliyegusa maputo ya hewa moto. Niko kwenye timu ya chini, tunayafukuza kwa gari porini Serengeti hadi yanapotua. Kule tunaruka alfajiri kwa sababu mbili: upepo umetulia, na hewa ya nje bado baridi. Hewa ndani ya puto tunaipasha karibu nyuzi 100.

Watu wanadhani tukiwasha moto puto linavimba. Likishasimama ukubwa haubadiliki, chini liko wazi. Hewa ikipata joto inatanuka, na ile isiyo na nafasi inamwagikia nje kwa chini. Iliyobaki ni nyepesi. Asubuhi ya nyuzi 15, kwa urefu wa Seronera, kila mita ya ujazo inainua kama robo kilo. Puto la mita za ujazo 10,000 ndiyo hapo linabeba kikapu, mitungi ya gesi na abiria. Saa nne jua likishakuwa kali, moto ule ule unainua mzigo mdogo zaidi.

Baridi kwa mleta mada ni adui, kwetu ndiyo inayotuinua.

#34 fundi_matairi_Chalinze
Wakuu nisaidieni na la kwangu, si mbali na mada. Madereva wanafika hapa mchana, wanapima upepo, wanakuta umepanda, wananiambia nitoe. Nawakatalia wananiona mjuaji.

#35 ticha_mikumi
Endelea kukataa. Tairi lililojazwa 32 asubuhi ya nyuzi 20, likifika nyuzi 50 barabarani linasoma karibu 37. Ukitoa huo wa juu, kesho asubuhi linaamka chini ya kipimo. Upepo unapimwa tairi likiwa limepoa.

#36 dereva_wa_Kitonga
Nathibitisha #35. Na ukiendesha na upepo mdogo tairi linajikunja, linapata moto zaidi, ndiyo linapasuka. Tunasingizia joto la barabarani, kumbe chanzo ni aliyepunguza upepo.

#37 mpambaji_kigamboni
Nimesoma yote, asanteni sana. Nimefanya jaribio leo. Puto dogo, mzingo sentimeta 60 kwa futi ya fundi cherehani, sebuleni kwangu nyuzi 31. Nikaliweka kwenye friji, nilipolitoa futi inasoma 58 na kidogo. Kwenye meza likarudi. Halikurudi hadi 60 kamili, limeishia 59 na nusu. Nililipuliza kwa mdomo.

#38 ticha_mikumi
Safi sana! Friji ya nyuzi 5 inatoa 58.2 kwenye karatasi. Umepata kile kile.

#39 polima_tanga
Hiyo nusu iliyopotea ni mpira. Ukishavutwa na kulegezwa haurudi sawasawa.

#40 Wanjiru_Nakuru
Au umevuja.

#41 rubani_msaidizi_Seronera
Au ni pumzi. Hewa ya mdomo inatoka na joto na mvuke mwingi. Sebuleni ilikuwa bado haijapoa sawasawa ulipopima mara ya kwanza. Angalia ndani kama kuna matone madogo. Rudia kwa pampu.

#42 mzee_wa_kariakoo
Rudia na pakiti mbili tofauti, ya bei chee na ya bei ghali. Nasubiri.

#43 mpambaji_kigamboni
Nitarudia kwa pampu, pakiti mbili, na nitaongeza jeusi na jeupe juani. Asubuhi ile nahisi yaliyotangulia kupasuka ni yale ya bluu iliyokoza. Meupe mengi yalifika nyumbani.

#44 polima_tanga
Rangi ya kukoza inanyonya jua, ndani panaweza kuwa na joto kuliko hewa inayokuzunguka. Lakini pia rangi nyingi kwenye mpira inaweza kuufanya ukuta usivutike sawa. Pima joto la ngozi ya puto kama una kipimajoto kile cha kuelekeza, vinginevyo hatutajua ni lipi.

#45 mpambaji_kigamboni
Sina. Kuna mdau wa Temeke au Mbagala anacho aniazime? Nina tao la Ijumaa, ukumbi wa AC. Safari hii nataka kuyajazia ndani AC ikiwa imeshawaka.

#46 fundi_matairi_Chalinze
Ninacho, nakipimia matairi. Njoo PM.